Siku Niliposema Wanauawa kwa Laki

Jamani, hii naisimulia kwa sababu nyote mmeshaisikia, tena mmeisikia vibaya, na bora aibu yangu niitembeze mwenyewe kuliko kuwaachia watu wa mtaa wetu wa Makorora, hapa Tanga, waitembeze huku wakiongeza chumvi, pilipili na ndimu juu. Ndiyo, ni mie. Mie ndiye yule shangazi aliyesema mchumba wa Rukia anatoka mji ambao watu wanauawa kwa laki moja. Na ndiyo, ni mie niliyemuua Mzee Kombo mbele ya ukoo wake, kikombe cha kahawa mkononi, mzima wa afya. Hapo hamjaongezewa kitu.

Rukia ni mtoto wa kaka yangu Bakari. Mama yake alifariki mtoto hata meno hayajaota yote, kaka akaoa tena akahamia Duga, na Rukia akabaki kwangu, tukawa tunakaa wawili, mie na cherehani yangu na yeye na mdomo wake (huo mdomo karithi kwangu, msijisumbue kuniambia). Basi ikaja posa. Kijana anaitwa Twaha, kwao Kigombe, watu wa heshima zao, na yeye mwenyewe yuko Marekani anaendesha yale malori marefu ambayo moja likianza kukupita unaweza kwenda kuoga ukarudi bado linapita. Alikuja likizo, na likizo ina mwisho, kwa hiyo wazee wake walitaka jibu mapema ili ndoa ifungwe kabla hajapanda ndege. Tukichelewa, anaondoka, na Rukia anakaa kusubiri likizo nyingine ambayo tarehe yake anaijua Mungu na bosi wa Kimarekani. Na Rukia alikuwa ameshasubiri vya kutosha, nyumba nzima tunajua, kila simu ikilia anaikimbilia kama anafukuzwa.

Kaka akawajibu wageni yale yanayojibiwa siku zote, "Tupeni wiki moja, tumuulize mtoto na tufanye uchunguzi wetu." Walipoondoka akanigeukia mie.

"Zuhura, we ndiye mwenye simu kubwa. Chunguza."

Sasa kuchunguza mchumba mnakujua. Unakwenda mtaani kwake, unajifanya umepotea njia, unaomba maji ya kunywa, na kikombe hakijaisha umeshaambiwa anaswali haswali, ana mke mwingine hana, na mama yake ana ulimi kiasi gani. Lakini mtaa wa Twaha uko Marekani! Maji naombaje? Mtu mwenye akili timamu angempigia kijana mwenyewe akamuuliza, au angewatafuta wenziwe wanaokaa naye huko. Mie nikaona hayo ni mambo ya washamba. Nikaamua nitauchunguza mji wenyewe.

Uamuzi mdogo tu, nimekaa kwenye kigoda, nasubiri pasi ipate moto. Nikaandika kwenye simu jina la mji (silitaji hapa, kesi nilizonazo zinanitosha) na mbele yake nikaandika mauaji. Kwa nini mauaji, msiniulize sasa. Ningeweza kuandika misikiti. Ningeweza kuandika bei ya nyanya. Nikaandika mauaji.

Wenzangu, Wamarekani wanajua kuhesabu maiti! Kila mji na mauaji yake ya mwaka, huu umepanda, ule umeshuka, imepangwa kama msimamo wa ligi, wa juu na wa mkiani, na wa juu wala haoni haya. Niliingia humo nisitoke. Gauni la mteja likakaa na mkono mmoja, mwenyewe akija namwambia uzi wa rangi yake umeadimika. Nikajifunza kwamba kuhesabu vichwa peke yake ni ujinga, maana mji mkubwa lazima utakuwa na maiti wengi, kama shughuli kubwa inavyovunja sahani nyingi, kwa hiyo wenyewe wanatafuta ni wangapi waliouawa katika kila wakazi laki moja, ndipo wanalinganisha. Ndiyo maana Chicago, ambayo sisi huku tunaijua kwa sifa zake mbaya, ukiipima hivyo inapitwa na vijimji ambavyo hata majina yake hujawahi kuyasikia. Na mji wa Twaha ulikuwa juu ya Chicago! Nilipoliona hilo nikapiga makofi, peke yangu, chumba kizima. (Hayo makofi nimeyafikiria sana baadaye.)

Kulikuwa na ramani pia, ya mitaa. Mji ni ule ule mmoja, lakini upande huu mwekundu kwa mauaji mpaka unasikia kinyaa, upande ule mweupe hauna kitu, na katikati yao barabara tu. Nikautafuta mtaa wa Twaha (anwani Rukia anayo, tena kaihifadhi vizuri kuliko kitambulisho chake) nikaukuta kwenye weupe. Mweupe pe! Nikautazama, nikajiambia labda hawajamaliza kupaka rangi, nikaiweka simu kifudifudi.

Kesho yake kwa Bi Saumu kulikuwa na kuchagua mchele wa maulidi, wanawake wa mtaa mzima wamejaa, kila mmoja na ungo wake, na mie nimeingia na elimu yangu mpya inaniwasha. Bi Saumu ni jirani yangu, tunapakana ukuta, mwanamke ambaye akiwa karibu huhitaji redio. Hata sijakaa vizuri, akaniuliza, "Ehe, na huko kwa mchumba vipi? Umechunguza?"

Nikaweka ungo chini. Sauti nikaipandisha kidogo ili na wa uani wafaidike.

"Nimechunguza, mwenzangu. Mji wenyewe ni mauaji kila mwaka. Tena wanauawa kwa laki."

Mchele wote ukasimama.

"Kwa laki?"

"Kwa laki moja."

"Laki moja tu, Zuhura?"

Mie nikadhani mwenzangu anakishangaa kipimo. Nikamjibu kwa ule upole wa mwalimu anayemhurumia mwanafunzi, "Laki moja ndiyo kipimo chao, Marekani nzima. Si huko tu."

"Hata Chicago?"

"Chicago nako ni laki hiyo hiyo. Ila kwa kina Twaha wanaokufa ni wengi zaidi."

"Na serikali inajua?"

"Serikali ndiyo inayotangaza! Polisi wenyewe ndio wanahesabu, mwisho wa mwaka wanatoa."

"Polisi wanahesabu?" akadakia mmoja kule uani. "Wanahesabu wao wenyewe?"

"Sasa wasipohesabu, watajuaje kama mwaka huu imepanda ama imeshuka?"

Bi Saumu akashika kifua. "Astaghfirullah! Kumbe na kupanda inapanda?"

"Inapanda, inashuka," nikasema, nikachukua ungo wangu, nikaendelea kuchagua mchele kwa raha zangu, naona wenzangu wamekaa kimya nikajua elimu imewaingia.

Mmeelewa kilichotokea? Mie nasema laki ya watu, wao wanasikia laki ya fedha. Yaani huko kwa Twaha ukitaka mtu wako auawe unatoa laki moja, bei ya nchi nzima, polisi wanahesabu mgao wao, na bei inapanda na kushuka kama ya mafuta ya taa. Na nani kasema? Shangazi yake bibi harusi, aliyechunguza!

Mchana ule ule habari ikawa bombani. Huko bombani ikaongezwa kwamba malori ni kisingizio, kazi yenyewe ya kijana ndiyo hiyo ya laki. Ikapanda bodaboda ikaenda zake mpaka Moa, ambako nina binamu, naye akanipigia akihema kuniuliza kama ni kweli mchumba wa Rukia amekamatwa mpakani Horohoro akitorokea Mombasa. Muda huo Twaha alikuwa kwa kinyozi, hapa hapa mjini. Nimejuaje? Kwa sababu alinipigia akitokea huko.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, baba."

"Shangazi, nimewakosea nini? Nimekaa kunyolewa, kinyozi ananiuliza kazi zangu nalipwa kwa shilingi au kwa dola. Nikadhani anauliza za lori. Ananiambia, 'Hapana kaka, zile nyingine.' Na wembe kaushikilia mbali, anaogopa kunigusa!"

Hapo ndipo nilipojua laki yangu imefikia wapi. Nikaanza kumweleza habari za vipimo, kijana wa watu akanisikiliza mpaka mwisho, hakunipandishia sauti.

"Ni kweli mji una mauaji," akasema. "Iko mitaa mie hata na lori siipiti. Lakini ninapokaa ni mtaa wa wazee wanaotembeza mbwa, shangazi. Si ungeniuliza tu?"

Nikamwambia simsikii, mtandao unakatika. Nikaukata.

Nikafanya haraka kwenda kwa Bi Saumu kusahihisha. Nikamwambia mlangoni, hata ndani sijaingia, "Bi Saumu, ile laki si ya fedha. Ni laki ya watu!" Akanitazama, macho yakamtoka. "Ya watu? Wameshafika laki?" Kufika magharibi Twaha alikuwa ametoka mji ambao wamekwisha watu laki moja, na yeye ndiye aliyesalia. Ukitaka kuuzima moto kwa petroli, niite mie.

Ikafika siku ya kutoa jibu. Wazee wa Kigombe wakaja kwangu, maana binti anaposwa pale alipolelewa, wakakaa kwenye mikeka sebuleni pamoja na kaka Bakari. Rukia yuko jikoni, hatakiwi kuonekana, kapika wali wa nazi na samaki wa kupaka tangu asubuhi na hajasema nami neno tangu jana. Mkubwa wa msafara alikuwa Mzee Kombo, baba mkubwa wa Twaha, mzee mwembamba, mkavu, akikutazama unahisi umevaa nguo kinyume. Nikaitwa. Mie, mbele ya wanaume wote wale, nimejifunga khanga mpaka kidevuni.

"Tumekuja kuchukua jibu," akasema Mzee Kombo, "lakini tumeona jibu limetutangulia Kigombe. Hebu tueleze, binti yangu. Mtoto wetu umemchunguza ukakuta nini?"

Na mngenisikia! Nilieleza vizuri, wallahi. Nikasema si kwa laki, ni katika kila watu laki moja, ni hesabu ya kulinganisha mji na mji ili mkubwa usionewe na mdogo usijifiche. Nikaona vichwa vinakubali. Kaka akashusha pumzi. Kama ningenyamaza pale, leo nisingekuwa na hadithi, ningekuwa na heshima. Lakini mmoja wa wazee akauliza kwa nia njema kabisa, "Sasa Kigombe sisi hatufiki laki hata tukihesabu na mbuzi. Kwetu mtapimaje?"

Nani alinituma?

"Mnazidisha," nikasema. "Tuseme kwa mfano mwaka huu Kigombe ameuawa mtu mmoja."

"Nani?" akauliza mwingine, ameshtuka.

"Hapana, ni mfano tu."

"Kauawa lini?"

"Hajauawa, baba. Tuseme tu."

"Usiseme!"

"Jamani ni hesabu! Tuchukue mtu yeyote. Tuseme Mzee Kombo hapa ndiye aliyeuawa..."

Nyie watu wa pwani, hamhitaji nieleze zaidi. Mtu mzima, mgeni wa posa, umemkaribisha ndani, umempa kahawa, halafu unamtaja kwa jina unamweka maiti, adhuhuri, watu wanasikia! "Toba!" "Acha uchuro, mwanamke!" Mmoja akatema mate pembeni kuliondoa neno lisikae. Kikombe cha Mzee Kombo kikashuka taratibu mpaka kwenye mkeka. Na mie, badala ya kuuma ulimi, mdomo ulikuwa bado unakwenda wenyewe, kama cherehani mguu ukinasa, nikamalizia hesabu yangu, "... na kwa vile mko wachache, ukizidisha mpaka ifike laki, Mzee Kombo mmoja anakuwa wengi."

"Nimekufa wengi?" akauliza Mzee Kombo.

Wazee wakasimama. Wote. Wanatafuta viatu, wanasema posa hapa haipo, hii si nyumba ya kuoa. Kaka Bakari kajishika kichwa kwa mikono miwili, hanitazami. Nikafikiria Rukia kule jikoni, ukuta wenyewe ule mwembamba unasikia mpaka mtu akikuna mguu, anasikia viatu vya wakwe zake vinavaliwa. Nilitamani ardhi ipasuke, na ardhi ya Tanga mnaijua, ngumu, haipasuki kwa ajili ya mtu.

Mzee Kombo peke yake hakusimama.

"Kaeni chini," akawaambia wenzake. "Mie nimeshauawa, tena nimezidishwa. Sitoki hapa na njaa juu yake. Washeni ubani, isomwe dua, uje huo wali ninaousikia harufu yake. Habari ya posa tutaijua tumbo likishiba." Halafu akanitazama. "Na wewe kalete chakula. Usihesabu kitu njiani."

Nikaingia jikoni. Rukia amesimama juu ya sufuria, upawa mkononi, machozi yanamtiririka, na msidhani ni moshi, maana kapikia gesi. Nikaanza kumwambia wazee wamekaa, mambo yatakwisha, na kwamba kosa lenyewe ni la neno moja tu, kwamba hata Chicago...

"Shangazi, achana na Chicago."

Nikaachana nayo.

"Juzi ulilala simu iko wazi," akasema. "Niliiona ile ramani. Mtaa wake ulikuwa katikati ya kioo, umeuvuta mpaka nyumba zinaonekana. Mweupe. Kwa nini huo hukuwaambia kwa Bi Saumu?"

Nikashika sinia, nikaliweka chini, nikalishika tena.

"Ulikuwa hutaki niende," akasema Rukia.

"Sitaki uende," nikasema. Ikatoka hivyo hivyo, haina kipimo. "Sitaki. Nyumba hii nitakaa na nani? Nitamgombeza nani asubuhi? Nilitafuta kitu cha kukuzuia nikakosa, kijana mzuri, kwao wazuri, ndipo nikaenda kuwakopa maiti wa Marekani."

"Si ungesema?"

"Ningesema ungebaki?"

"Nisingebaki." Akafuta uso kwa mgongo wa mkono. "Lakini tungelia wote. Sasa nalia peke yangu na wali unaungua."

Nikamkumbatia pale pale, upawa umenichafua mgongo mzima, na wali kweli ukaungua chini, na ukoko ule ndio Mzee Kombo alioutaka zaidi ya samaki.

Walikula. Ubani uliwaka, dua ikasomwa, wakala mpaka mazungumzo yakarudi. Kaka akasema sisi kwa upande wetu tumekubali. Mzee Kombo, huku anatoa mwiba mdomoni, akajibu kwamba wao sasa ndio wanaoomba muda, wamchunguze shangazi. Nyumba nzima ikacheka isipokuwa mie, kwa sababu hakuwa akitania. Wakakaa na jibu lao mpaka tukajua ndoa tumeikosa, ndipo wakalileta, wamekubali kwa sharti moja, nisimame mwenyewe siku ya maulidi kwa Bi Saumu, na baadaye Kigombe, niyafute maneno yangu mbele ya wanawake wote.

Nikasimama. Nikasema laki haikuwa ya fedha, na watu laki hawakufa, Twaha hajaua mtu yeyote, polisi hawagawani kitu naye, na Mzee Kombo yu hai, nimemwona kwa macho yangu akila. Mkiniona nimesimama pale na baibui langu jipya mngedhani natangaza tende zimeingia sokoni. Nikidhani nimemaliza, sauti ikatoka nyuma, "Na Chicago je?" Nikakaa chini. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na nadhani mpaka leo wapo ambao hawajamaliza.

Ndoa ikafungwa, Twaha akatangulia, makaratasi yalipokamilika Rukia akamfuata. Siku ya kuondoka tulilia wote wawili kama alivyotaka, tena kwa sauti, majirani wakatoka nje. Sasa ananipigia, ananiambia mtaani kwao kelele kubwa ni za mbwa, na mie namuuliza kala nini, basi. Ile ligi ya miji siifungui tena. Gauni la mteja nimelipachika mkono wa pili. Jioni nakaa peke yangu, na Bi Saumu akinipitia akaniuliza habari za huko namwambia wazima, nanyamaza hapo hapo.

Na nimeapa, mbele yenu hapa. Siku nyingine nikitaka mtu asiende, nitamshika mkono nimwambie usiende. Atakataa, nitalia, naye atakwenda zake akijua. Wamarekani na maiti wao waendelee kuhesabiana wenyewe.